Bonde Lililoandikwa Tupu

"Hakuna njia," bangili ilisema mkononi mwa Lusungu Tweve. "Mbele yako ni ukuta wa mwamba. Tafadhali rudi."

Lusungu aliangalia miguu yake. Alikuwa amesimama juu ya njia. Haikuwa njia ya mbuzi wala mkondo wa maji ya mvua. Ilikuwa njia ya watu, imekanyagwa mpaka ikang'aa, na penye mteremko mkali mtu alikuwa amepanga mawe yawe ngazi. Pembeni yalikuwepo maganda ya njegere, mabichi bado.

"Tafadhali rudi," bangili ilirudia.

Akaifunika kwa mkono wa sweta, akaendelea kupanda.

Kubishana na ramani haikuwa kazi yake. Alikuwa mkaguzi wa Mamlaka ya Ramani Moja, na alikuwa ametumwa kule juu kuchukua karatasi. Tangu Vita vya Mipaka viishe, nchi nzima ilikuwa na ramani moja tu ya halali. Satelaiti ziliichora upya kila alfajiri, na kila raia aliyesajiliwa aliivaa mkononi. Ndege za dawa ziliifuata hiyo, na mbegu za serikali, hati za mashamba na mabomba ya maji vilienda mahali ilipoelekeza. Karatasi za zamani, zile zenye mistari ya miinuko iliyochorwa kwa mkono na wapima ardhi waliokwisha kufa, zilikusanywa na kusagwa. Wakati wa vita kila upande ulikuwa na karatasi yake, na kila upande uliua kwa ajili yake. Lusungu alikuwa amezisaga nyingi kwa mikono yake mwenyewe, akarudi nyumbani akalala usingizi mzuri.

Ukungu ulipomwachia, aliona bonde. Kwenye bangili lilikuwa doa la kijivu lenye neno moja: *Tupu*. Mbele ya macho yake moshi ulikuwa unapenya kwenye mianzi. Chini ya mianzi hiyo palikuwa na nyumba, na paa zake zilikuwa zimeota majani. Jogoo aliwika. Mahali fulani watoto walikuwa wanaimba jedwali la saba, na wote walikosea pamoja kwenye saba mara nane.

Mwanamke mwenye kitenge kizito na buti za mpira aliinuka kutoka kwenye tuta la viazi, akafuta mikono.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umepanda kwa miguu yako, binti? Wenzako huwa wanatuma ndege. Zinazunguka juu ya mgongo ule wa mlima kama vipofu, halafu zinarudi." Alimtazama Lusungu kuanzia kwenye nembo ya kifuani hadi kwenye viatu vilivyojaa tope. "Mimi ni Ezelina Chaula. Mwenyekiti wa Lyasinde. Karibu ndani, unatetemeka."

Ndani palikuwa na moto na sufuria ya viazi vya kuchemsha. Lusungu alikula kwanza, kwa sababu njaa ilimzidi aibu, kisha akasema alichofuata.

"Tumepata taarifa kwamba hapa kuna karatasi za ramani, mama. Sheria inanitaka nizichukue."

"Najua. Taarifa niliituma mimi."

Lusungu aliacha kutafuna.

"Tulituma watu," Ezelina alisema. "Wakaambiwa hawajasajiliwa. Wakaomba kusajiliwa, wakaulizwa anuani. Wakataja Lyasinde, wakaambiwa Lyasinde haipo. Mkwe wangu alishikwa na uchungu wa uzazi msimu wa baridi, tukaita ndege ya mganga kwa bangili ya mfanyabiashara aliyekuwa anapita. Ndege ikajibu hapa hakuna mtu wa kutibiwa. Tulimzika yeye na mtoto pamoja. Baada ya hapo nikakaa nikajiuliza, ni kitu gani Mamlaka itakifuata kwa miguu mpaka huku? Nikakumbuka kwamba mnaogopa karatasi."

Alitoa bomba nene la mwanzi lililozibwa kwa nta, akalifungua, akakunjua karatasi juu ya meza na kuibana pembe zake kwa viazi.

Lusungu alikuwa ameona karatasi nyingi, lakini zilimfikia zimeloa, zimechanika, tayari kwa mashine. Hii ilikuwa nzima. Mistari ya rangi ya kahawia ilizunguka milima kama alama za kidole. Mahali pa genge la mwamba ilibanana mpaka ikawa karibu kitu kimoja, na penye nyanda ilitawanyika ikapumua. Chemchemi zilikuwa vidoti vya buluu. Nyumba zilikuwa viboksi vyeusi vidogo, na kanisa lilikuwa na msalaba wake. Mtu aliyechora hii alikuwa amepanda kila kilima kilichomo. Ile njia ya mawe ilikuwepo pia, mstari wa nukta ukipanda kwa kujipinda, sawasawa kama ulivyojipinda chini ya viatu vyake asubuhi hiyo.

"Sasa niambie wewe mtaalamu," Ezelina alisema. "Kule kwenye korongo mashine zimejenga ukuta. Maji yatafika wapi?"

Lusungu alifunua bangili na kutafuta bwawa jipya la kanda. Alisoma urefu wa maji yakijaa, kisha akaweka kidole juu ya karatasi kwenye mstari wa mwinuko wenye namba ile ile, akaufuata polepole. Kidole kilipita juu ya shule na nyuma ya kanisa. Kikazunguka makaburi, kikapanda kidogo, kikarudi mpaka korongoni. Kila kiboksi cheusi kilibaki ndani, upande wa maji.

"Lini?" Ezelina aliuliza.

"Mvua kubwa ya kwanza. Malango yanajifunga yenyewe."

"Na sisi?"

"Mfumo hauwezi kufunga malango kama kuna watu ndani. Unasoma bangili zao." Aliangalia mikono ya Ezelina. Hakuna mtu pale aliyekuwa na bangili isipokuwa yeye.

Ezelina alinyoosha mkono. Alichukua kiazi kimoja kutoka kwenye pembe ya karatasi, na karatasi ikataka kujikunja. Lusungu aliizuia kwa kiganja, na hapo ndipo alipouona mstari mwingine, wa nukta na vistari, ukishuka na mto katikati ya bonde. Mpaka.

Aliujua mpaka ule. Kaka yake, Lutengano, alipigwa risasi kwenye kivuko cha mto ule akiwa na nakala ya karatasi hii ndani ya shati. Watu wa Ulemba, kwao Lusungu, walisema upande wa magharibi wa bonde ni wao. Watu wa Lyasinde walisema bonde lote ni lao. Mwisho wa mapatano bonde likatangazwa ukanda wa amani na kila mtu akatakiwa kuondoka, lakini wengine hawakuondoka.

"Karatasi hii inatuambia sisi wa Ulemba tulikuwa na haki," Lusungu alisema. "Mpaka unapita mtoni. Unalijua hilo?"

"Nimekaa na karatasi hii miaka yote, binti yangu. Ninajua kusoma."

"Na bado umeniita niione?"

"Inasema nusu ya bonde si yangu. Inasema pia kwamba nyumba zangu zipo." Ezelina alimtazama usoni. "Unafikiri wewe peke yako ulizika mtu kwa ajili ya mto ule? Mume wangu yuko pale nyuma ya kanisa. Ichukue. Ukaisage, au ukaionyeshe watu. Ila usikate kipande chochote. Mtu akikata kipande kimoja, hakuna atakayeamini kilichobaki."

*

Mkurugenzi wa kanda, Yustino Mbwilo, alisikiliza taarifa yote bila kumkatiza. Alikuwa mtu mpole mwenye mkono mmoja uliokakamaa. Risasi ilipita humo alipokuwa anabeba bendera nyeupe kati ya pande mbili. Lusungu alimheshimu kuliko mtu yeyote ofisini.

"Satelaiti zinawaona," Mbwilo alisema hatimaye. "Usidhani mashine ni pofu. Kila alfajiri zinaona moshi wao, na kila alfajiri kuna amri inayoufuta. Neno *tupu* niliandika mimi, siku ya mapatano. Kama bonde halina mtu, hakuna wa kulipigania. Neno lile liliokoa watu, Lusungu. Labda lilikuokoa wewe pia."

"Na bwawa?"

"Bwawa lilipangwa na mfumo. Ulitafuta bonde lenye kina lisilo na watu, ukalipata." Alisugua mkono wake mbovu. "Kosa ni langu na nitalirekebisha. Nitatuma askari kimya kimya wawatoe. Watahesabiwa kama wapita njia, watapewa mahema huku chini. Hakuna atakayekufa maji."

"Watakuwa wametoka wapi?"

"Hawatakuwa wametoka popote. Hiyo ndiyo bei."

"Watapoteza mashamba, makaburi, kila kitu, bila hata mtu kusema walikuwa navyo."

"Watakuwa hai!" Kwa mara ya kwanza alipandisha sauti. "Karatasi hiyo ikitoka nje, kesho Ulemba watadai nusu ya bonde. Keshokutwa atapigwa risasi kijana mwingine kivukoni. Wewe, kati ya watu wote, unataka hivyo? Isage. Hapa hapa, mbele yangu."

Mashine ya kusaga ilikuwa kwenye kona, ndogo, safi, inanguruma taratibu kama paka. Lusungu alisimama mbele yake na karatasi mkononi. Alimfikiria Lutengano. Alifikiria pia jinsi ingekuwa rahisi kuchukua mkasi, kuukata ule mpaka na kuacha nyumba peke yake. Vidole vyake vilikwisha kuanza kuikunja karatasi kwenye mstari wa mto alipogundua kinachofanyika. Alikuwa anataka kuandika *tupu* yake mwenyewe.

Akaikunjua tena.

"Mzee, umenifundisha kwamba ramani ikidanganya, watu wanakufa."

"Nilikufundisha hivyo."

"Basi hii ya mkononi inadanganya."

"Lusungu, ukitoka na karatasi hiyo, umevunja sheria. Sitaweza kukulinda."

"Sijakuomba unilinde, mzee," alisema, akaiingiza karatasi ndani ya sweta, akatoka.

*

Siku ya gulio, Ulemba hujaa watu mpaka barabarani. Lusungu aliibandika karatasi kwenye ukuta wa ghala la viazi, juani kabisa, mahali ambapo kila mtu angepita. Wazee waliitambua kabla ya vijana. Baada ya muda mfupi hapakuwa na mtu kwenye vibanda.

Bwana Kyando, mwenye ghala, alikuwa wa kwanza kuupata mpaka. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, na siku hiyo aliitumia yote.

"Mtoni! Oneni wenyewe! Mpaka unapita mtoni! Tulisema nini? Magharibi ni yetu!"

Umati ukavuma. Mtu akasema twende leo leo. Mwingine akataja bunduki. Mbwilo alikuwa amesema kesho, na hata saa haikuwa imepita.

"Subirini!" alipiga kelele. "Angalieni na vingine! Hizi nyumba zina watu. Nimekula viazi vyao. Mvua ikianza watafunikwa na maji, kwa sababu sisi tulio kwenye bangili tumekubali kwamba hawapo."

"Waliomuua kaka yako hao!" mtu alifoka.

"Ndiyo. Na sisi tuliwaua wao."

Ndipo watu walipoanza kupisha, kwa sababu mama mmoja alikuwa anapita katikati yao na fimbo yake. Alikuwa mama mzazi wa Lusungu. Miaka yote hiyo Ulemba nzima ilikuwa bado inamwita Mama Lutengano.

"Nionyesheni mstari wenyewe," alisema.

Lusungu alimshika mkono, akakiweka kidole chake juu ya nukta na vistari.

"Huu hapa, mama."

Mama Lutengano aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Ni mwembamba. Kule juu, kwenye ardhi yenyewe, upana wake ni kiasi gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Lusungu swali hilo. Alipima kwa macho na kupiga hesabu ya skeli kichwani. "Kama mita ishirini na tano, mama. Mchoraji hakuweza kuuchora mwembamba kuliko hapo."

"Na mto?"

"Mto hauzidi mita sita."

"Kwa hiyo mto wote umo ndani ya wino." Mama Lutengano alinyooka. "Na mwanangu alianguka kivukoni. Alifia ndani ya wino, si kwetu wala kwao." Alimgeukia Kyando. "Niambie wewe unayepiga kelele. Alikufa upande gani?"

Kyando aliinamia karatasi, akauangalia mstari tena.

"Unasema mvua ikianza, malango yanafungwa?" mama alimwuliza Lusungu.

"Ndiyo. Isipokuwa kama ndani kuna mtu mwenye bangili."

Mama Lutengano alitazama bangili kwenye mkono wake uliokunjamana. Ilikuwa imefungwa pale na serikali, na hakuna ambaye angeweza kuivua mpaka siku atakapofariki. Akaigonga kwa ukucha.

"Basi mimi ninapanda," alisema.

Si wote waliomfuata. Wengine walirudi kwenye vibanda vyao wakitukana. Lakini wengi walipanda, wakabeba mablanketi, masufuria, na magunia ya unga. Baadhi yao walikuwa na shangazi kule juu ambao hawakuwa wamewataja tangu vita. Kyando naye alipanda, akisema waziwazi kwamba anakwenda kukagua nusu yake.

*

Kukutana hakukuwa na vifijo. Watu wa Lyasinde walisimama upande wao wa mto, wa Ulemba upande wao, na kila mmoja akawa anatafuta usoni mwa mwenzake mtu aliyemkumbuka kwa ubaya. Ezelina alivuka kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Lutengano, na wanawake wale wawili wakasemezana kwa sauti ya chini muda mrefu. Lusungu hakusikia walichosema. Aliona tu kwamba walipomaliza, Ezelina alichukua mzigo wa mama yake na kuupeleka nyumbani kwake.

Mvua kubwa ilikuja mchana, ikitanguliwa na upepo uliolaza mianzi. Kutoka korongoni ilisikika sauti ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia kabla, chuma kikisuguana na zege. Malango yalikuwa yanashuka. Watoto walilia. Kyando alisimama mvuani na mkono wake wenye bangili ameuinua juu, akipiga kelele, "Nipo hapa! Nisome! Nipo hapa!" Mmoja baada ya mwingine, watu wa Ulemba wakainua mikono yao.

Sauti ikakwama. Kisha bangili zote zikasema kwa pamoja, kwa upole wao ule ule, "Mpo ndani ya bwawa. Tafadhali ondokeni."

Hakuna aliyeondoka. Mto ulichafuka na kuvimba, lakini ulipita chini ya malango yaliyoning'inia nusu, ukaenda zake.

Mbwilo alifika mvua ilipokatika, amelowa, akiwa na askari wachache na Sajini Mgaya, mwanamke kijana aliyekuwa na kifaa cha kusajili makosa shingoni. Alitazama watu waliojaa uwanjani mbele ya kanisa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona bonde tangu alipoliandika.

"Teremkeni," alisema. "Wote. Sitamshitaki mtu. Tutasahau."

"Tumesahauliwa vya kutosha," Ezelina alijibu.

Lusungu alitoka mbele. "Nimeiba karatasi ya Mamlaka, mzee. Nimeibandika sokoni mchana kweupe. Kila mtu hapa ameniona. Usisahau. Nikamate."

"Usinilazimishe, binti yangu."

"Nikamate hapa." Akanyoosha mikono.

Mbwilo alimpa ishara Sajini Mgaya bila kumtazama Lusungu. Sajini alifungua kifaa chake, akaingiza jina na kosa. Kisha akasita.

"Mzee, kinataka mahali pa kukamatwa. Hakikubali kuendelea bila mahali."

"Andika panavyoandikwa. Eneo tupu."

"Kinasema katika eneo tupu hawezi kukamatwa mtu."

Mtu alicheka nyuma, na kicheko kikaenea, kikali, hakina furaha. Mbwilo alifuta maji usoni.

"Andika Ulemba, basi. Yeye ni mtu wa Ulemba."

Kicheko kikafa. Lusungu alielewa mara moja, na aliona kwamba Kyando pia ameelewa. Kwenye Ramani Moja, kosa likishaandikwa Ulemba, mahali hapo panakuwa Ulemba. Bonde zima, si nusu tu. Kwa neno moja la mkurugenzi, Ulemba ingepata zaidi ya ilichopigania, na ilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Watu wote walikuwa wanamtazama Kyando. Upande wa Lyasinde kijana mmoja aliokota jiwe.

Mbwilo naye akageuka rangi. Aliona jiwe. Aliona alichosema.

Kyando alitema mate pembeni. Alimtazama Mama Lutengano, akautazama mto, akaitazama ile shule ya mianzi iliyokuwa inapitisha nuru ya mchana kwenye nyufa zake.

"Sajini," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Ulemba iko kule chini. Nina ghala huko, ninapajua. Hapa ni Lyasinde." Kisha akavuta pumzi na sauti yake ya kawaida ikamrudia. "Na magharibi ya mto bado ni kwetu! Hilo tutabishana sisi na wao, hata kama ni mpaka nife, lakini tutabishana na watu, siyo na samaki! Andika Lyasinde. Na mimi niandike. Nimekaidi amri, nikamate."

"Na mimi," Mama Lutengano alisema, akanyoosha mikono pamoja na fimbo yake.

"Na mimi."

"Mimi pia, sajini. Jina langu linaanza na M."

Walikuwa wanasukumana sasa, watu wazima wakigombea kukamatwa. Yule kijana alikuwa bado ameshika jiwe, lakini alilishika kama mtu asiyejua aliweke wapi. Sajini Mgaya alimtazama mkurugenzi, kidole kikiwa juu ya kioo.

"Mzee? Niandike nini?"

Mbwilo alitazama mkono wake uliokakamaa. Labda alikumbuka bendera. Lusungu, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, aliona midomo yake ikijaribu neno mara moja bila sauti, kama mtu anayejifunza.

"Nikiandika hilo," Mbwilo alimwambia yeye peke yake, "na vita ikarudi, damu itakuwa mikononi mwako."

"Itakuwa mikononi mwangu," Lusungu alisema. "Nitakuwa hapa. Sitajificha nyuma ya neno."

Mbwilo alifumba macho.

"Lyasinde," alisema. "Andika Lyasinde."

Sajini aliandika, akamfunga Lusungu pingu. Bangili zilitetemeka mikononi mwa watu, na doa la kijivu likapasuka katikati. Zile alfajiri zote zilizofutwa zilikuja kwa mkupuo. Njia ya mawe ilitokea, kisha chemchemi, kisha paa moja, paa nyingine, msalaba. Ezelina hakuwa na bangili. Alimshika Lusungu mkono wake uliofungwa pingu, akauinua karibu na macho, akaanza kutafuta nyumba yake. Alipoipata, aliiwekea kidole tu.

Lusungu alihukumiwa kifungo, na alikitumikia chote. Karatasi ilisagwa mbele ya hakimu, kama sheria ilivyotaka. Hakimu alipomwuliza kama anajutia alichofanya, alijibu kwamba anajutia karatasi alizosaga kabla ya hiyo, akaanza kutaja mabonde yaliyochorwa humo moja baada ya jingine kwa majina, mpaka hakimu akaagiza atolewe nje. Bado alikuwa anataja, na mlangoni askari waliokuwa wamemshika walipunguza mwendo ili amalizie.